Dhana ya Asilimia 10 ya Ubongo na Wajibu wa Mwalimu



Huenda mmekwisha kusikia, ama mtasikia katika mazoezi ya kufundisha, kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake na kwamba asilimia 90 imelala. Maneno haya hutamkwa kwa nia njema, ili kuwatia wanafunzi moyo. Hata hivyo si ya kweli, na mwalimu anayeyaamini huweza kumhukumu vibaya mtoto aliye mbele yake. Makala haya yanaeleza asili ya dhana hiyo, kasoro zake, na namna ya kuufundisha ukweli katika shule za delta ya Rufiji, kama zile za kata ya Salale, wilayani Kibiti.

1. Asili ya dhana

Mwaka 1907 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba watu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo walio nao. Hakutaja asilimia 10. Mwaka 1936 Lowell Thomas, katika dibaji ya kitabu cha Dale Carnegie, alidai kuwa James ndiye aliyeitaja asilimia hiyo. Hivyo, hoja iliyohusu juhudi ya mtu ikaja kueleweka kuwa inahusu kiungo cha mwili.

2. Ushahidi

(a) Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 ya uzito wa mwili. Lakini mwili ukiwa umetulia, ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu yote. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho huzidi.

(b) Mwaka 1861 daktari Paul Broca, mjini Paris, aliuchunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa amepoteza uwezo wa kusema. Alikuta dhara upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Nasi tunaona kiharusi kikigusa sehemu ndogo tu ya ubongo, na mtu akapooza mkono au akakosa kauli.

(c) Mitambo ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini haionyeshi eneo lolote lililokaa bure. Hata usingizini ubongo hufanya kazi.

Ni kweli kwamba sehemu zote hazifanyi kazi kwa kiwango kimoja wakati mmoja. Fikirini jahazi linalotoka Nyamisati kwenda Mafia. Tanga linapojaa upepo, nanga imetulia chomboni. Lakini hakuna nahodha atakayeitupa kwa kuwa haina kazi.

3. Madhara darasani

Mwalimu mwenye dhana hii humwambia mtoto asiyeelewa, "Hutaki kuutumia ubongo wako," akamwadhibu kwa uvivu. Yamkini mtoto huyo alipona malaria kali iliyopanda kichwani, ugonjwa unaoweza kumwachia kifafa au udhaifu wa kukumbuka na kusema. Yamkini amevuka mto kwa mtumbwi alfajiri bila kunywa uji. Mtoto wa namna hii hana hazina aliyoificha. Anahitaji chakula, subira na marudio. Na pale inapobidi, mwalimu amshauri mzazi ampeleke kituo cha afya.

4. Pendekezo la somo: Darasa la Tano

Shabaha: Mwanafunzi aweze kueleza kwamba sehemu zote za ubongo zina kazi, na kwamba mazoezi huongeza ustadi.

Zana: Miyaa, penseli na daftari.

Hatua ya kwanza: Mwanafunzi ajuaye kusuka ukili asuke mbele ya wenzake. Darasa litaje kazi za ubongo wake: kuona, kuongoza vidole, kuhesabu, kukumbuka mtindo, kusikia maswali na kuyajibu.

Hatua ya pili: Kila mwanafunzi aandike jina lake kwa mkono asiouzoea. Aendelee hivyo kila siku kwa majuma mawili, kisha alinganishe mstari wa kwanza na wa mwisho.

Hatua ya tatu: Mwalimu aeleze kwamba hakuna sehemu ya ubongo iliyoamka. Mazoezi yameimarisha mawasiliano baina ya chembechembe za ubongo ule ule.

Mtoto anayeona maandishi yake yakinyooka siku hadi siku amepata sababu ya kweli ya kujitahidi. Nanyi hamna haja ya kumpa ile ya uongo.