Wami Haipandi Shambani Bure: Vidokezo 7 vya Kubana Uniti Dakawa

Dakawa, mpunga hunywa umeme. Maji ya skimu ya umwagiliaji ya UWAWAKUDA, ushirika wa wakulima wa mpunga wa hapa, hayashuki yenyewe kutoka mlimani kama ya wenzetu wa Mkindo. Pampu huyavuta kutoka Mto Wami hadi kwenye majaruba ya takribani hekta 2,000. Kwa hiyo serikali na TANESCO wakihimiza matumizi bora ya nishati, mkazi wa hapa asifikirie taa peke yake. Afikirie na mfereji.

1. Ujue mstari wa 75. Bei ya umeme huidhinishwa na EWURA, na imepangwa ili kumpa nafuu anayetumia kidogo. Nyumba iliyo kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi isivuke uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 ni shilingi 350. Namba hiyo iandike ukutani, jirani na LUKU.

2. Anza na balbu. Ile ya zamani ya wati 100, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 15 kwa mwezi: moja ya tano ya zile 75. LED ya wati 10 hula uniti moja na nusu tu, na watoto wanasoma vilevile.

3. Maharage yaingie kwenye presha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na TANESCO inahimiza jiko la presha la umeme. Usilifananishe na jiko la koili. Presha ya wati 1,000 hujikata joto likitosha. Ikivuta umeme kwa jumla ya nusu saa, umetumia nusu uniti. Maharage yaliyolala kwenye maji huiva mapema zaidi.

4. Jaruba si bwawa. Mkindo, humuhumu Mvomero, wakulima wamejaribu kilimo shadidi: miche michanga, mmoja mmoja kwa shimo, nafasi pana, na jaruba linaloloweshwa kisha kuachwa likauke kiasi. Kwao hilo linaokoa maji. Kwetu linaokoa maji na bili.

5. Mfereji kwanza, pampu baadaye. Tope, magugu, tuta lililotobolewa na panya: maji yanayopotelea hapo yameshalipiwa umeme. Siku ya kusafisha mfereji usitume salamu, tuma jembe. Na jirani akikuonyesha tundu kwenye tuta lako, mshukuru.

6. Msikimbize mashine zote kwa mpigo. Wateja wakubwa hawalipii uniti tu. Hulipia pia KVA, yaani kilele cha mzigo walichofikia mwezi huo. Pampu zote au vinu vyote vikikimbia pamoja siku moja tu, kilele hicho kinahesabiwa kwenye bili ya mwezi mzima. Pangeni zamu. Mwiteni fundi akague kapasita, maana mota isiyo na kapasita nzuri huvuta mzigo mkubwa kuliko kazi inayofanya. Na mashine ya kukoboa isizunguke tupu wakati mteja anapatana bei.

7. Weka daftari. Kila Jumapili jioni andika uniti zilizobaki, na kwa wenye zamu ya maji, saa ambazo pampu imefanya kazi. Kabla ya kubadili bei, EWURA hufanya taftishi na kupokea maoni ya wananchi. Anayesema "umeme ghali" atasikilizwa kwa adabu. Anayefungua daftari na kuonyesha jaruba lake limekula uniti ngapi msimu huu na ngapi msimu uliopita, huyo ataulizwa maswali.