Mwembamba, lakini presha juu

*Daktari, nina miaka 43, naishi Tanga. Nina kilo 62, watu huniita mwembamba, ila kitambi kimeanza. Juzi zahanati walinipima presha wakakuta 148 kwa 94. Kwani presha si ugonjwa wa wanene? — Mama J.*

Pole kwa mshtuko, Mama J. Mizani haikwambii mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani hayana fujo sana. Yanayozunguka ini, figo na utumbo ndiyo korofi: huchangia figo kuzuia chumvi na maji, mishipa nayo ikakaza. Presha hupanda.

Chukua futi ya fundi cherehani. Simama, toa pumzi, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si pale unapofungia kanga. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huongezeka. Kwa mwanamume, 94. Mimi napenda kanuni nyepesi zaidi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Kipimo kimoja cha presha hakitoshi. Rudi siku nyingine, kaa dakika 5 kabla ya kupimwa, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, mtazungumzia matibabu, huenda na dawa. Kwa sasa punguza chumvi, hasa ya kunyunyizia mezani, na utembee kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki. Mikanda ya kubana tumbo inayouzwa mitaani haiyeyushi kitu.

Ikifika 180 kwa 120, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma, pumzi ikikatika au mdomo ukipinda, usingoje hata dakika.