SOMO: JUA LIKIPATWA, TULITAZAME VIPI?



Jumatatu, Agosti 2, 2027, mwezi utapita mbele ya jua. Kule Luxor, nchini Misri, jua litafunikwa lote. Kwetu Kenya litafunikwa sehemu tu, hasa karibu saa nane mchana. Watu wa Mandera wataona limefunikwa zaidi kuliko watu wa Kwale.

Wengi wetu tulizoea kulitazama ndani ya karai la maji. Tuache. Mwanga unaorudi kutoka majini bado waweza kuunguza ndani ya jicho. Na jicho halitauma! Mtoto atagundua baadaye, akishindwa kusoma. Miwani ya kawaida na filamu ya eksirei pia hazifai.

Njia salama ni hii:
1. Toboa kadibodi tundu dogo kwa sindano.
2. Lipe jua mgongo.
3. Inua kadibodi, mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Hapo utaona umbo la jua lililomegwa.

Hata chini ya mwembe, mwanga unaopenya kwenye majani huonyesha vivyo hivyo.

Mjadiliane: Siku hiyo, nani atawaangalia watoto walio malishoni?