Artemisinini: Kutoka Jani la Artemisia hadi Pipa la Hamira

Dawa mseto apewayo mgonjwa wa malaria zahanati hutokana na artemisinini, kemikali iundwayo na mmea uitwao Artemisia annua, wenye asili ya China. Mmea hauiundi kwa ajili ya binadamu. Inadhaniwa kuwa ni kinga yake dhidi ya wadudu na mimea shindani.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya vinyweleo vidogo mno vya jani. Kimeng'enya kimoja hukunja molekuli ya kaboni 15 ikawa na pete, na vingine huiongezea oksijeni. Mwishoni mwanga na oksijeni hukamilisha umbo, ambamo atomi mbili za oksijeni hushikana kama daraja. Daraja hilo ndilo liuwalo nalo kimelea: chuma kitokacho katika damu aliyoimeng'enya hulivunja, na vipande vyake huziharibu protini zake.

Joto huidhoofisha kemikali hii. Tu Youyou na wenzake, mwaka 1971, walifanikiwa walipoacha kuchemsha majani wakatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 tu.

Jani kavu kwa kawaida huwa na artemisinini isiyozidi asilimia 1. Bei ikianguka wakulima huacha kulima, na mwaka ufuatao dawa huadimika. Ndiyo maana Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walihamishia jeni za mmea katika hamira. Kufikia 2013, lita moja ilitoa gramu 25 za asidi ya artemisiniki, ambayo kiwandani hugeuzwa kuwa artemisinini kwa msaada wa mwanga. Kampuni ya Sanofi iliizalisha nchini Italia, lakini ya majani ikawa rahisi zaidi, na kiwanda kikauzwa. Sayansi ilifaulu; soko halikuwa tayari.

Je, chai ya majani haya yatosha? Shirika la Afya Duniani haliipendekezi. Artemisinini huyeyuka kwa shida majini, na kiasi chake hutofautiana jani kwa jani. Dozi pungufu huacha vimelea hai, navyo vyenye usugu wa sehemu vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mhudumu amwulize mgonjwa kwa upole kama ameinywa, kisha amweleze dozi 6 za siku 3 za artemether na lumefantrine, zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata homa ikiisha siku ya pili.