Umeme Uliomo Katika Kidonda

Watu wengi hudhani ya kuwa umeme ni kitu cha nyaya, mitambo na radi tu. Lakini kila mwenye ngozi hai anao umeme, na akijikata kidole kwa panga, umeme huo huanza kuvuja pale pale palipokatwa. Katika mwaka 1843 Emil du Bois-Reymond wa Berlin aliupima katika jeraha la kidole chake mwenyewe, kwa chombo chenye uzi wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara.

Je, umeme huo watoka wapi? Ngozi imejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Chembe hizo hazikai bure. Mchana na usiku huvuta sehemu ya chumvi iitwayo sodiamu kutoka upande wa nje na kuipeleka ndani. Kwa hiyo pande mbili za ngozi huwa kama ncha mbili za betri. Nguvu yake ni haba, kiasi cha milivolti 20 hadi 50, hali betri moja ya kurunzi ina milivolti 1,500. Ngozi ikipasuka, umeme hupata njia katika majimaji ya jeraha, mfano wa maji ya bwawa lililobomoka ukingo.

Tena chembe zilizo kando ya jeraha hufuata mwendo huo, zikitambaa kuelekea katikati ili kuliziba. Mwaka 2006 Min Zhao na wenzake walionyesha kwamba umeme ukigeuzwa upande, chembe nazo hugeuka. (Msomaji asifikiri kutia betri ya kurunzi kidondani, ataunguza nyama.)

Kidonda kikifunga, umeme hupungua, na hapo ndipo kipimo kinapopatikana. Mwaka 2011 Richard Nuccitelli na wenzake walieleza chombo kinachopima bila kugusa jeraha, wakaona ya kuwa umeme wa majeraha ya wazee ni karibu nusu ya ule wa vijana. Kusoma kipimo hicho kwataka akili, maana umeme mdogo huenda ni dalili ya kupona, au ni dalili ya ngozi dhaifu. Mpimaji hana budi kutazama kidonda pia.

Kuna njia ya pili, nayo yahusu vidonda vya mgonjwa alalaye kitandani muda mrefu. Hapa wataalamu hupitisha umeme kidogo sana mwilini na kuangalia jinsi unavyozuiwa. Chembe nzima huuzuia. Chembe zilizokufa kwa kugandamizwa huvuja, na umeme hupita kwa wepesi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijaribu kwa panya bandeji yenye vidoto vya dhahabu, ikatambua madhara kabla hayajaonekana kwa macho.

Jambo hilo latuhusu sana sisi. Vitabu vingi vya uuguzi humwambia mwuguzi atafute wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu ni vigumu kuonekana, na mara nyingi kidonda hugunduliwa kikiwa kimekwisha kuchimba. Umeme haujali rangi. Ila bandeji za namna hiyo hazijaenea mahospitalini, na anayemwuguza mzee nyumbani hutumia mkono wake: hupapasa visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, akitafuta mahali penye joto kuliko penginepo, au pagumu, au panapomwuma mgonjwa, kisha humgeuza asilalie hapo.