Miezi minane baada ya upasuaji, jicho bado linauma

SWALI: Nilipandikizwa kioo cha jicho la kulia miezi minane iliyopita. Naona vizuri kuliko zamani, lakini jicho linachoma kutwa nzima, kama limeingia mchanga. Kliniki wanasema nimepona, nivumilie. Nanunua matone duka la dawa. Je, ninadeka?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hudeki, ndugu yangu. Kioo kinapopandikizwa, mishipa yake ya fahamu huwa imekatwa, na huota tena polepole, pengine isirudi yote. Kwa kawaida, basi, kioo kipya huwa na ganzi kiasi. Jicho likiuma mfululizo hadi leo, kuna jambo. Mimi ningeanza na nyuzi. Zile za nailoni ni nyembamba kuliko unywele, na huweza kuachwa jichoni mwaka mzima au zaidi. Mmoja ukilegea au kukatika, ncha yake hukwaruza upande wa ndani wa kope kila unapopepesa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Huenda huo ndio mchanga wako. Yapo pia ukavu wa jicho, presha ya jicho inayopandishwa na steroidi, na mwili kuanza kukikataa kioo cha mtu mwingine.

Utasema jicho limeshaangaliwa, na isitoshe unaona. Lakini mwili huweza kukikataa kioo hata baada ya miaka, na tochi haioni kinachoonwa na darubini. Omba wadondoshe ile rangi ya manjano na kumulika kwa mwanga wa buluu: penye mkwaruzo hung'aa kijani. Wasipoona kitu, bado hujazua, kwa kuwa mishipa iliyojeruhiwa huweza kuuma yenyewe bila kidonda. Tone la dawa ya ganzi husaidia kupambanua: maumivu yakitulia, chanzo kiko juu ya jicho, yakibaki, kitafutwe ndani au kwenye mishipa. (Chupa hiyo usiiombe uende nayo nyumbani; ikizoeleka huzuia kidonda kufunga.)

Matone ya dukani yaache mpaka daktari ayaone, maana mengine yana steroidi, ambayo hufuta wekundu huku kidonda cha fangasi kikizidi kuchimba. Steroidi uliyoandikiwa kliniki, hiyo usiikatishe mwenyewe. Ndiyo inayokilinda kioo. Beba chupa zote uende nazo. Na jicho likiwa jekundu, mwanga ukikuumiza au uoni ukififia, usingoje tarehe ya kadi, nenda siku hiyo hiyo.