Kuvuka Mpaka na Kompyuta Iliyosimbwa

Usimbaji wa diski utakuokoa mwizi akikupora begi. Mbele ya afisa wa mpakani, kinachokuokoa ni kile ulichokiacha nyumbani. Kwa hiyo anzia hapo.

Kabla ya kufunga mizigo, jiulize safari hii inahitaji mafaili gani. Mengine yote yahamishie kwenye diski ya nje na uiache ofisini. Mikataba ya wateja na barua pepe za miaka kumi hazina kazi kwenye viwanja vya ndege. Ofisi ikiwa na kompyuta ya akiba, omba hiyo na uweke kazi ya safari hiyo tu.

Kisha hakikisha usimbaji wenyewe umewashwa. Kwenye Windows ni BitLocker, kwenye Mac ni FileVault, kwenye Linux wengi hutumia LUKS. Watumiaji wa BitLocker, tulieni kidogo hapa. Mara nyingi diski hujifungua yenyewe kompyuta inapowaka, kwa sababu ufunguo umo ndani ya chipu ya TPM. Mwambie fundi wa ofisi akuwekee PIN inayoulizwa kabla Windows haijawaka. Pia kuna namba ya kurejesha yenye tarakimu 48. Usiitie kwenye begi la kompyuta. Mwachie mtu unayemwamini, tena anayepokea simu hata usiku wa manane.

Soma sheria za unakokwenda, maana hazifanani. Uingereza, Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 inawaruhusu maafisa mpakani kukuhoji na kupekua vifaa vyako hata kama hushukiwi kwa lolote, na kukataa kutoa nenosiri kunaweza kukufikisha mahakamani. New Zealand, tangu Oktoba 2018, anayekataa bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 za nchi hiyo. Marekani, raia hazuiwi kuingia kwa kukataa, ila kompyuta yake inaweza kushikiliwa. Wewe mgeni unaweza kurudishwa ulikotoka.

Programu zenyewe za usimbaji, zile za kawaida za matumizi binafsi, katika nchi nyingi hazina shida. Lakini kama kompyuta ni ya kampuni ya Marekani, uliza kabla ya kuipeleka Iran, Cuba au Korea Kaskazini. Sheria za Marekani za kusafirisha teknolojia huifuata mpaka huko.

Ndege ikikaribia kutua, zima kompyuta kabisa. Kufunga kifuniko hakutoshi. Ikiwa imelala tu, ufunguo wa usimbaji bado umo kwenye RAM, na watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba unaweza kuchotwa humo. Hakikisha pia ina chaji, kwa sababu unaweza kuambiwa uiwashe.

Amua mapema utajibu nini ukiombwa nenosiri. Usingoje kuamua ukiwa umechoka, na foleni ndefu nyuma yako. Lolote utakaloamua, usidanganye: kumdanganya afisa ni kosa jingine kabisa. Ukikubali kufungua, omba uandike nenosiri mwenyewe kwenye kibodi badala ya kuliandika kwenye karatasi. Kompyuta ikichukuliwa, dai risiti. Marekani inaitwa Fomu 6051D. Andika jina la afisa, namba yake na saa.

Ukirudishiwa, usiiamini. Badilisha manenosiri yako yote kwa kutumia kifaa kingine, na umpelekee fundi kabla hujaiunganisha na mtandao wa ofisi.

Na kama wewe ni wakili, daktari au mwandishi wa habari, siri ulizobeba si zako peke yako. Zungumza na mwanasheria kabla ya kukata tiketi.